Jawan: kisasi kimoja, miili miwili

Mwombe mtu aliyetoka kuitazama Jawan akusimulie picha ilivyokwenda. Ataanza vizuri, na treni iliyotekwa Mumbai na yule kipara anayecheza katikati ya mateka, lakini kufika nusu atakwama: "Sasa huyu steringi... hapana, huyo alikuwa baba mtu. Yule wa mwanzo kabisa, mwenye mabandeji, ndiye... ngoja kwanza." Si kosa lake. Filamu hii ya India ya karibu saa tatu, iliyotoka tarehe 7 Septemba 2023, inampa Shah Rukh Khan nafasi mbili, inamvisha mmoja jina la mwenzake, kisha inaturudisha nyuma miaka mingi bila kubisha hodi.

Ambaye hajaiona aiweke makala hii pembeni kwanza. Hapa siri zote zinamwagwa.

Tuzipange habari zake kwa mfuatano wa miaka, maana mwongozaji Atlee amezichanganya makusudi. Mwanzo kabisa yupo mwanajeshi, Vikram Rathore, kamanda wa kikosi cha makomando. Katika operesheni moja bunduki mpya zinagoma kufyatua, na vijana wake wanakufa wakiwa na silaha mikononi. Vikram anarudi na kumtaja waziwazi mfanyabiashara aliyeziuza, Kalee Gaikwad, ambaye uhusika wake umechezwa na Vijay Sethupathi. Kalee si mtu wa kuachia jambo hivihivi. Anamfuata Vikram nyumbani na askari aliowanunua, wanamchukua, anapigwa risasi na kutupwa kutoka kwenye ndege. Jina lake linaandikwa kwenye orodha ya wasaliti wa nchi. Mkewe Aishwarya, uhusika wa Deepika Padukone, anaua katika purukushani ya usiku ule, na mahakama inamhukumu kunyongwa. Inagundulika ana mimba. Anajifungulia gerezani, na mtoto akifika miaka mitano, mama anapelekwa kitanzini.

Mtoto huyo ndiye Azad. Analelewa gerezani humohumo na mkuu wa gereza, anakua, naye anakuwa mkuu wa gereza hilo la wanawake. Kati ya wafungwa anachagua sita, kila mmoja ana kesi aliyobambikwa, na hao ndio jeshi lake. Anapoteka treni anajitambulisha kwa jina la Vikram Rathore. Ndiyo maana watazamaji wengi wanapotea njia: kwa saa nzima na zaidi tunadhani tunamwangalia mtu mmoja, kumbe mwana ameazima jina la marehemu baba yake ili nchi iliyomsahau ilazimike kulitamka tena kwenye taarifa ya habari.

Ila marehemu hakufa. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanajua sheria: steringi hafi. Vikram aliopolewa mtoni na wanakijiji wa milimani karibu na mpaka, wakamtibu kwa dawa zao, akaamka akiwa na nguvu zake zote lakini kumbukumbu imefutika. Huyo ndiye yule mwenye mabandeji wa dakika za kwanza. Anachokijua kuhusu nafsi yake mwenyewe ni cha kusimuliwa.

Sasa angalia mwandishi alichokifanya. Kisasi kinahitaji vitu viwili: anayekumbuka kosa, na mkono wa kulilipa. Kwa kawaida vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja. Hapa vimetenganishwa. Baba ndiye aliyetendewa, naye hakumbuki. Mwana anakumbuka kila kitu, ilhali alikuwa hajazaliwa. Alichonacho ni maneno ya mama aliyoyasikia akiwa na miaka mitano. Mmoja ana deni bila daftari, mwingine ana daftari la deni lisilo lake. Halafu wote wawili wana sura ya Shah Rukh Khan.

Kabla ya kumzungumzia yeye, tuzungumzie daftari lenyewe, kwa sababu ndilo linaloifanya picha hii iitwe ya kisiasa wakati wenzake wanapigana tu. Neno "jawan" kwa Kihindi ni kijana, na ndilo jina la askari wa kawaida wa jeshi la India. Mwaka 1965, wakati wa vita na Pakistan na uhaba wa chakula, Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alitoa kaulimbiu ambayo kila mtoto wa shule India anaijua: Jai Jawan, Jai Kisan. Heko askari, heko mkulima. Picha imejengwa juu ya kaulimbiu hiyo, imepinduliwa kichwa chini. Inauliza askari huyo na mkulima huyo wamefanywa nini tangu wapewe heko.

Mkulima anaanza. Mmoja wa wale wafungwa sita ni binti wa mkulima aliyekopa benki anunue trekta, mvua zikamwangusha, watu wa benki wakaja kumdhalilisha mbele ya kijiji kwa deni la rupia 40,000, naye akajinyonga. Benki hizohizo zinamsamehe Kalee mabilioni. Ndiyo maana sharti la Azad kwenye treni ni kwamba Kalee, ambaye binti yake yumo ndani ya behewa, atoe rupia bilioni 400, na fedha hizo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za wakulima. Namba za picha ni za picha, lakini kidonda ni cha kweli: takwimu za serikali ya India zenyewe zinaonyesha watu zaidi ya 10,000 wa sekta ya kilimo wanaojiua kwa mwaka, na jimbo la Maharashtra, ambalo mji wake mkuu ndio huo Mumbai wa treni, ndilo linaloongoza.

Kisha hospitali. Hapa ndipo kumbi za India zilikuwa zikinyamaza ghafla, kwa maelezo ya walioandika kuihusu wakati ule, na sababu yake msomaji wa Afrika Mashariki anaweza asiijue. Katika picha, daktari wa hospitali ya serikali, Eeram, anapokea watoto ambao ubongo wao umevimba kwa maradhi. Oksijeni inakwisha. Anapiga simu, anahangaika, watoto wanakufa mikononi mwake, na asubuhi yeye ndiye anayefungwa kwa uzembe. Mwezi Agosti 2017, katika hospitali ya chuo cha BRD, mji wa Gorakhpur, jimbo la Uttar Pradesh, zaidi ya watoto 60 walifariki ndani ya siku chache. Kampuni iliyokuwa ikiuza oksijeni ilikuwa imesimamisha huduma kwa malimbikizo ya madeni. Serikali ya jimbo ilishikilia kwamba vifo vilitokana na maradhi na si ukosefu wa oksijeni. Daktari mmoja wa watoto, ambaye magazeti yalimsifu kwanza kwa kutafuta mitungi usiku kucha, alikamatwa na akakaa gerezani miezi kama minane kabla ya kupata dhamana mwaka 2018. Filamu haitaji Gorakhpur hata mara moja, wala haina haja. Imebadilisha jinsia ya daktari na mji, ikaacha mitungi.

Silaha ndizo zinazonivutia zaidi, kwa sababu hapo historia imegeuzwa kwa namna ya ajabu. Mhindi wa umri fulani akisikia "mfanyabiashara wa silaha" na "rushwa" katika sentensi moja, kinachomjia ni Bofors. Mwaka 1986 India ilitia saini mkataba na kampuni hiyo ya Sweden kununua mizinga 400 na ushei. Aprili 1987 redio ya Sweden ikatangaza kwamba kulikuwa na mlungula. Kashfa ilimwandama Waziri Mkuu Rajiv Gandhi mpaka chama chake kikashindwa uchaguzi wa 1989. Miaka mingi baada ya kuuawa kwake, mwaka 2004, Mahakama Kuu ya Delhi ilisema hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe alihongwa. Lakini mizinga yenyewe ilikuwa mizuri. Katika vita vya Kargil dhidi ya Pakistan mwaka 1999 ndiyo iliyolibeba jeshi la India milimani. Yaani katika maisha halisi rushwa iliacha bunduki nzima na kuua imani. Atlee anajua kwamba imani iliyokufa haionekani kwenye skrini, haitoki damu. Kwa hiyo kwake bunduki ndizo zinazokufa, na vijana wanaanguka tukiwaona. Ni uongo wa kisanaa, na ni uongo unaofanya kazi.

Atlee mwenyewe si mtu wa Bombay, jina la zamani la Mumbai, makao ya sinema za Kihindi. Ni Mtamil, na Jawan ni picha yake ya kwanza ya Kihindi. Alikuwa msaidizi wa Shankar, mwongozaji ambaye mwaka 1996 alimpa nyota Kamal Haasan nafasi mbili katika picha iliyoitwa Indian: baba mzee, mpigania uhuru wa zamani anayewaua watumishi wala rushwa, na mwanawe, ambaye naye ni mla rushwa. Pale baba anamuua mwana. Mwaka 2017 Atlee alitengeneza Mersal, ambamo nyota Vijay (si Sethupathi) anacheza baba na wanawe wawili, mmoja wao daktari, na kisasi ni dhidi ya biashara ya hospitali. Wanasiasa wa BJP, chama kinachotawala India, huko jimbo la kusini la Tamil Nadu walitaka maneno kuhusu kodi yakatwe. Anayezijua hizo mbili anaiona mifupa ya Jawan mapema. Huko kusini, nyota kuigeukia kamera na kulihutubia taifa si kituko. M. G. Ramachandran alitoka kwenye sinema akawa Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu mwaka 1977 na akafariki akiwa kwenye kiti hicho mwaka 1987, na Jayalalithaa, aliyeigiza naye, akakalia kiti hichohicho baadaye.

Bombay ilikuwa na hasira ya aina nyingine. Amitabh Bachchan wa Zanjeer, 1973, na Deewaar, 1975, alikuwa kijana aliyeumizwa utotoni, na jeraha lilikuwa la nyumbani kwake: baba, mama, mchoro mkononi. Taifa lilionekana kupitia tundu hilo dogo. Shah Rukh Khan alirithi tundu hilo mwaka 1993 katika Baazigar, picha ambayo wengi wetu huku pwani tuliijua kwa nyimbo kabla hatujajua hadithi. Pale anacheza kijana ambaye baba yake alifilisiwa na tajiri, naye anaingia nyumbani kwa tajiri huyo kwa njia ya mapenzi na kumsukuma binti yake kutoka juu ya ghorofa. Kisasi cha nyumba moja dhidi ya nyumba moja. Miaka miwili baadaye, katika Dilwale Dulhania Le Jayenge, akawa yule mpenzi wa mikono iliyofunguliwa na shamba la maua ya njano, na kwa robo karne nzima hatukumtaka awe mwingine.

Jawan inamrudisha kwenye mlango alioanzia. Tajiri yupo, baba aliyedhulumiwa yupo, hata binti wa tajiri aliyemo hatarini yupo. Tofauti ni kwamba mwaka 1993 alimuua, na mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 57, anamtumia kama ufunguo wa hazina ya wakulima. Si kwamba amekuwa mpole. Kisasi kimetoka nyumbani kikahamia barabarani.

Na uigizaji? Nitasema bila kuzunguka: Azad anapokuwa mkuu wa gereza mwema anayeimba na wafungwa, nilichoka. Mapenzi yake na Narmada, askari anayemsaka bila kujua ameolewa naye (Nayanthara, ambaye alistahili zaidi ya alichopewa), yanapita kama abiria aliyekosea basi. Ila mweke ndani ya treni, kipara, anakata mauno taratibu kwa wimbo wa mwaka 1962 huku mateka wanatetemeka, na unamwona mwigizaji aliyekuwa adui kabla hajawa mpenzi. Anaongea na serikali kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Hatishi kwa kelele. Anatisha kwa sababu anafurahi.

Vikram ni kazi nyingine kabisa, na kwangu ndiyo bora. Nywele za mvi, ndevu, sigara nene mdomoni, hana haraka. Azad ana maneno mengi kwa sababu ana mengi ya kukumbuka. Vikram hana cha kusema, basi anatazama. Tazama anavyosubiri nusu sekunde kabla ya kupiga, kama mtu anayeulizwa swali na mwili wake ndio unaojibu. Anapigana vizuri na hajui kwa nini anajua kupigana. Mwigizaji mwenye pupa angecheza kusahau kama ugonjwa, kushika kichwa, kukunja uso. Yeye amekucheza kama starehe: mtu aliyepunguziwa mzigo. Baba na mwana wanaposimama kwenye fremu moja, hujiulizi ni yupi. Mwendo wa bega unakwambia.

Kuna sentensi moja ya Vikram ambayo kwa tafsiri yangu inasema kabla hujamgusa mwana, ongea na baba. Kumbi zililipuka, na haikuwa kwa ajili ya hadithi tu. Oktoba 2021 mwanawe Shah Rukh Khan alikamatwa Mumbai katika kesi ya dawa za kulevya, akakaa ndani zaidi ya wiki tatu, na Mei 2022 hakufunguliwa mashtaka kwa kukosekana ushahidi. Baba alikaa kimya hadharani muda wote huo. Watazamaji waliisikia sentensi ile kama jibu lililochelewa, na hakuna mafunzo ya uigizaji yanayoweza kumpa mtu kitu kama hicho; kinatoka kwenye maisha na kudondokea kwenye skrini.

Picha iliingiza zaidi ya rupia bilioni 11 duniani. Agosti 2025 ilitangazwa kwamba Shah Rukh Khan amepata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kiume kwa kazi hii, akigawana na Vikrant Massey wa 12th Fail. Ilikuwa tuzo yake ya kwanza ya taifa tangu aanze sinema na Deewana mwaka 1992. Walionuna walisema amepewa kwa picha ya masumbwi wakati alikuwa na kazi nzito zaidi huko nyuma. Kama tuzo ni ya Azad pekee, ninawaelewa.

Lakini fundo lenyewe liko kwenye dakika za mwisho. Azad ameteka mashine za kupigia kura, zile India inazotumia nchi nzima tangu uchaguzi mkuu wa 2004, na anaigeukia kamera. Anawaambia wananchi kwamba wakinunua dawa ya mbu ya kuchoma wanauliza maswali kumi: itawaka saa ngapi, ina moshi, inakohoza? Serikali ya miaka mitano hawaiulizi hata moja. Anawataka watumie kidole kile kinachopakwa wino kumnyooshea anayeomba kura: utanifanyia nini kuhusu ajira, elimu, matibabu? Wasimuulize tabaka lake la kuzaliwa wala dini yake. Hakuna chama kinachotajwa. Ndiyo maana upinzani uliisikia hotuba kama kofi kwa serikali iliyoko madarakani, nao watu wa chama tawala wakajibu kwamba ufisadi unaoonyeshwa ni wa waliowatangulia. Uchaguzi mkuu ulikuwa miezi michache mbele.

Hapo ndipo mtazamaji makini anakunja uso. Kwa saa mbili na nusu tumeonyeshwa kwamba wakulima walilipwa kwa sababu treni ilitekwa, na hospitali zilikarabatiwa kwa saa chache kwa sababu waziri wa afya alitekwa. Kura haikufanya hata moja ya hayo. Sasa mtekaji anatuhimiza tukapige kura. Filamu imejipinga yenyewe mchana kweupe, na ukumbi mzima unapiga makofi bila kuhisi mkwaruzo.

Mimi nadhani tunashindwa kuuhisi kwa sababu ya ile miili miwili. Damu nyingi imekabidhiwa baba, mtu asiye na kumbukumbu na kwa hiyo, kwa namna fulani, asiye na hatia. Anapiga kama mvua inavyonyesha. Mwana anabaki na mikono safi kiasi cha kuweza kuishika mikrofoni. Mmoja anatupa raha ya kuwaona wakubwa wakipigwa, mwingine anatuambia tuwe raia wema, na kwa kuwa wana sura moja tunatoka tukidhani tumeambiwa jambo moja. Angekuwa mwigizaji mwingine kwa baba na mwingine kwa mwana, mshono ungeonekana.

Kalee anaishia alikostahili kuishia, gerezani, mikononi mwa hao wawili. Kisha anaingia Sanjay Dutt, katika uhusika wa ofisa Madhavan Naik, na kumkabidhi Azad kazi inayofuata: fedha zilizofichwa kwenye benki za Uswisi. Wino haujapakwa kwenye kidole cha mtu yeyote, na timu imeshaanza kujipanga kwa uvamizi mwingine.